Ndoo ya Bafta

Jumanne treni ilileta dagaa,
Alhamisi Bafta akafa.
Shemeji Rubibi, kule Kibirizi, angejuaje
alipokuwa akifunga mfuko kwa kamba ya katani
na kuandika kwa kalamu nene:
MWASITI FUNDI, KANYENYE, TABORA.
Kilo mbili. Safari hii alichagua walionyooka,
wakavu, wanaong'aa kama pini mpya.

Alikuwa mweupe, ndiyo maana ya jina:
weupe wa bafta ambayo haijafuliwa,
yenye wanga bado.
Miaka kumi na mmoja alilala juu ya pedeli,
nami nikajifunza kushona kwa mguu mmoja.
Wateja walikuta manyoya kwenye pindo za suruali.
Walionijua hawakuuliza.

Hakugongwa. Hakulishwa sumu.
Alizeeka tu, akaingia chini ya meza ya kukatia,
akajilaza kwenye mabaki ya vitambaa
kama kitu kilichokunjwa
na mtu anayejua kukunja.

Nilimfunga kwa kitenge cha zamani.
Bafta ninayo, jora zima,
ila mkono ulisita kwenye mkasi:
wangesema Mwasiti kamvika mnyama sanda.
Nilichimba nyuma ya bafu, mwenyewe, asubuhi,
kabla jirani hajatoka kupiga mswaki.

Ikabaki ndoo.
Ilikuwa ya rangi ya mafuta; niliisugua kwa mchanga
hadi ikasahau kazi yake ya kwanza.
Mama Nyanzala akafunua, akanusa:
"Kaanga, utie nyanya chungu. Dagaa ni dagaa."
Kweli. Na bei sokoni haina huruma.
Basi nikachambua, nikawasha jiko,
mafuta yakalia, harufu ikapanda,
nikatazama chini,
pale miguuni.

Nikazima jiko.

Jumamosi niliipeleka Isevya, mashine ya kusaga,
kwa Kapela mlinzi, mwenye paka watatu
walioajiriwa na panya.
Nikasema, "Ni wa paka hawa."
Naye, "Ni wa paka," akafunua mfuniko,
macho yake yakakaa humo ndani
muda mrefu kuliko anavyotazama mtu
chakula cha mnyama.
Nilitaka kusema neno. Nikaaga.

Njia nzima nilimshonea kesi.
Nilimpima mabega, nikamkata, nikampiga pasi:
mwizi wa kitoweo cha marehemu.
Kisha nikakumbuka koti lake,
kiwiko nilichokitia kiraka mwaka juzi
na ambacho hajanilipa, wala sijamdai.

Jumatatu, jua limeshazama,
nilipita tena na suruali za wanafunzi kwapani.
Mashine imenyamaza. Vumbi la unga limetulia.
Kapela yuko kwenye tofali, sufuria mbele yake,
dagaa na kitunguu, ugali wa moto,
na paka watatu wamemzunguka kama kikao cha ukoo.
Anatoa kichwa, anarusha. Kiwiliwili, anakula.
Anatoa kichwa, anarusha.
Yule wa kijivu, mwenye sikio lililochanika,
alipewa dagaa mzima, tena kwa mkono.

Akaniona. Tonge likasimama hewani.
"Fundi," akasema, "walinikaribisha."

Nikacheka.
Tangu Alhamisi kicheko kilikuwa kimekwama mahali fulani
kama uzi ndani ya bobini,
kikatoka kirefu, chenye mafundo,
hata paka mmoja akaruka nyuma ya magunia.
"Ndoo nitaitaka," nikamwambia.
"Ikiisha," akasema.

Usiku nilikaa kwenye cherehani, miguu yote miwili.
Pedeli ilikuwa nyepesi mno,
sindano ikakimbia, uzi ukakatika.
Nilikuwa bado nautafuta kwenye tundu
simu ilipoita, Kigoma.

"Mzigo ulifika? Bafta hajambo?"

Nilisikia ziwa nyuma yake, au upepo tu.
Nikalowesha ncha ya uzi kwa ulimi.

"Rubibi," nikasema,
"safari ijayo, tuma kilo tatu."