Herufi Nane

Mvua ya Novemba haikuuliza kampeni zimefungwa lini.
Iliosha kuta za Gungu, ikabandua picha za wagombea
moja moja, kuanzia masikioni,
na mtaro ambao wote wawili waliapa kuuzibua
ukazibwa na nyuso zao.

Kituo chetu kilikuwa darasa la tatu B.
Ubaoni palikuwa na hesabu ya kugawanya, haijamalizwa.
Nikataka kuifuta. Msimamizi akasema, acha,
chaki hiyo haina chama.

Walikuja na miavuli iliyovunjika mbavu,
na mifuko ya nailoni kichwani,
kijana mmoja na jezi ya Sadoki Ruhoza,
chini yake, ilipolowa, ikaonekana fulana ya Zubeda Lubumba.
Hatukumuuliza kitu.

Saa nne akaingia Bi Nyamwiza.
*Mwakeye*, mwalimu, akanisalimu, akaniona karani
lakini bado akaniita mwalimu,
maana kila Alhamisi jioni, katika darasa hili hili,
hukaa dawati la mbele, magoti yakigonga mbao,
akiikaba kalamu kama anakaba kuku.
Mwaka mzima tumeufanyia kazi neno moja.

Nikamshika mkono nimpake wino.
Akakunja kidole gumba ndani ya kiganja, akakificha:
“Si gumba, mwalimu. Gumba nilishaacha.”
Nikamwambia leo ni kidole kidogo tu.
Akacheka, akakitoa.

Alikaa nyuma ya maboksi kuliko mtu yeyote.
Foleni ikaguna. Mtu akapiga mluzi.
Alipotoka alikuwa na uso wa mtoto
aliyemaliza mtihani kabla ya kengele,
akaisukuma karatasi sandukuni kwa viganja viwili.

Usiku tukahesabu kwa taa ya kuchaji.
Sadoki. Zubeda. Sadoki. Sadoki. Zubeda.
Sauti yangu ikakauka ikawa kama dagaa wa Kibirizi.
Kisha nikafunua moja, nikanyamaza.

Hakukuwa na alama ya vema.
Herufi nane kubwa zilivuka karatasi nzima,
zilipita juu ya nembo, juu ya vipara vya wagombea,
N imesimama wima, M ina miguu ya kutosha,
Z imegeuka nyuma kama kawaida yake:
NYAMWIZA.

Wakala wa Zubeda akasema jina limeanzia kwetu, ni yetu.
Wakala wa Sadoki akasema limeishia kwetu,
tazama, A yote iko ndani ya kisanduku.
Wakabishana robo saa, wakasoma kwa sauti,
wakapimana kwa rula ya darasa la tatu B.
Msimamizi akafungua kanuni, akafunga kanuni,
akanitazama mimi.

Nikasema: imeharibika.
Nikaiweka na zile sita nyingine,
iliyochorwa samaki, iliyoandikwa tusi,
zile nne zilizoachwa tupu.

Sadoki alishinda kwa kura kumi na tatu.
Usiku ule ule wakampitisha mabegani,
wakauruka mtaro, mmoja hakuruka vizuri.

Jumamosi nilikwenda sokoni Mwanga na chupa yangu.
Bi Nyamwiza alikuwa anapima mawese,
wino bado umekaa kwenye ukucha.
Hakuuliza nani kashinda.
“Mwalimu, jina langu mlilisoma?”
“Tulilisoma.”
“Wote?”
“Wote. Wakala wa Sadoki alilisoma mara mbili.”

Akajaza chupa hadi shingoni,
akaongeza kifuniko kimoja, na kingine,
mafuta yakaniteremka kwenye vidole.
Pesa akakataa.

Alhamisi nitamfundisha alama ya vema.
Mstari mfupi kushuka, mrefu kupanda.
Sijui nitaanzaje kumwambia
kwamba hiyo ndiyo wanayoihesabu.