Onyesha Hatua

Isyonje, ukungu umeshuka hadi mlangoni.
Atupele kavuta kigoda karibu na moto,
simu yangu yenye ufa mkononi mwake:
"Ni ya bure, mama, inalamba bando kidogo tu."

Anaandika swali la mwalimu Mwaisumo,
eksi upande huu, eksi upande ule.
Jibu linatokea viazi havijachemka.
Jibu lisilo na njia ni la kuokota, namwambia.
Anacheka, anabonyeza "onyesha hatua",
na eksi inahama, inageuza alama
kama mchuuzi avukaye Kasumulu
akabadili fedha.

Akataka kuzima. Nikamshika mkono.
"Andika na langu.
Gunia ni kilo mia. Dalali
anashindilia lumbesa, anaishonea kilemba,
mia thelathini na tano, analipa mia.
Magunia arobaini tangu Machi."

Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Mtandao wa huku.
Halafu: elfu moja na mia nne.

Kilo.

"Nikuonyeshe hatua?" akauliza, sauti chini.
Acha, mwanangu.
Hizo nimezitembea, mzigo mgongoni.