Mizani ya Dhahabu

Mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshaishika Isongole,
nilishona mifuko ishirini kwa mkono:
kumi ya chandarua chakavu, tundu zake mbu hapiti,
kumi ya neti ya vitunguu, tundu zake kidole kinapenya.
Kila mfuko gramu kumi za majani makavu,
mparachichi, mgomba,
na mkaratusi unaonuka dawa ya kifua.
Tusekile akauliza, "Unazika chai?"
Nikamwambia nazika chakula, nataka kumjua mlaji.
Akacheka, akashika jembe, akanichimbia.

Mizani niliiazima kwa binamu yangu Lusajo,
anapimia dhahabu kule Chunya.
"Ukimwaga udongo humo," alisema, "tutakosana."

Machi tukafukua.

Shamba la juu, kando ya migomba,
neti ya vitunguu ilitoka nyepesi kama imeibiwa.
Mgomba umekwisha. Mparachichi umebaki mishipa mitupu,
mifupa ya dagaa kwenye sahani.
Mkaratusi tu ndio waliouonja wakauacha.
Jongoo alikuwa bado mezani,
akajikunja tulipomfunulia, lakini hakuondoka.
Jani kavu halimpi pupa. Husubiri kuvu ilainishe kwanza,
kama bibi yangu alivyosubiri mahindi yaive hadi yapasuke.
Nyuma yake wadudu weupe, punje za chumvi zenye miguu,
wanaruka, wanatua, wanaichunga hiyo kuvu
kama mbuzi mteremkoni.
Na nyungunyungu, hana jicho, hana jino,
anameza jani na udongo kwa pamoja,
mchanga tumboni ndio unaomtafunia,
na anachokiacha nyuma, vidonge vyeusi vya unyevu,
Tusekile alikisaga kati ya vidole, akakinusa, akasema,
"Hiki ndicho viazi wangu wanachokula."
Mara tandu akakatiza, mwekundu, ana haraka zake.
Huyo majani hayamhusu, anawala walaji.
"Kumbe hata huku chini," alisema, "kuna watu wa ushuru."

Mifuko ya chandarua ilikuwa na gramu saba na kitu.
Majani yamelowa, yamepiga weusi, yapo.
Kuvu imejitahidi peke yake,
mgeni wa kula hakupata mlango.

Kisha shamba la chini.
Hilo amelikodisha kwa bwana mmoja wa mjini,
kodi ya miaka mitatu, taslimu, mkononi.
Kila Jumamosi vijana wake huja na mabomba mgongoni:
dawa ya ukungu, dawa ya sota,
na ya tatu ambayo kopo lake halina karatasi.
Viazi vyake vikubwa, siwezi kusema uongo.
Tukafukua neti ya vitunguu, tundu zile zile za kidole.
Gramu tisa, nukta mbili.
Jani la mgomba bado lina tarehe niliyoliandikia kwa penseli.
Tukachimba pembeni, tukachimba tena,
udongo ukatoka mabonge, mkavu katikati ya masika.
Tusekile akagonga chini kwa mpini wa jembe.
"Hodi," akasema.
Alikuwa anatania.
Tukakaa kimya muda mrefu kuliko utani unavyostahili.
"Misimu miwili imebaki," akasema, akajifuta magoti.

Kabla hatujafunga, alimrudia jongoo wa juu,
akamweka kwenye sahani ya mizani.
Gramu tatu na nusu, anatembea tembea, namba zinacheza.
Kwa uzito huo Chunya mtu anajenga choo cha tofali.
Hapa hakuna wa kumnunua.
Akamrudisha chini ya mgomba, kichwa kikitangulia.

Wiki iliyofuata Lusajo akanipigia, sauti imekaza:
"Nimekuta udongo kwenye mizani yangu."
Nikamwambia usiufute kwanza.
Upime.