Hati ya Mlazo

Katika karakana yetu ya Gemona, chini ya milima,
chapa hii huishi droo ya nne kutoka juu,
ile inayokwama mvua ikinyesha.
Fundi Tullio huiita binti wa kalamu,
maana kila herufi bado inaukumbuka mkono:
nene pale nibu inaposhuka, nyembamba inapopanda,
na mkia wa g umejikunja
kama paka aliyeupata ubavu wa jiko.

Haisimami wima. Huegemea mbele kidogo,
nyuzi tisa, nimezipima mwenyewe,
kama mtu mwenye jambo la kusema
anayetafuta adabu ya kulianza.

Nami nimefundwa ipewe kazi gani.
Kadi za harusi, ndiyo.
Lebo za mvinyo wa Renato Cumin, jina tu;
kiasi cha kilevi hakihitaji madaha.
Katika orodha ya vyakula, mlo, si bei.
Neno moja ndani ya aya, lililoongezewa pumzi.
Ukurasa mzima, kamwe:
marashi ni tone, husema Tullio, hayaogwi.

Na tangazo la msiba?
Hapo hukaza sauti. Kifo husimama wima,
herufi kubwa, ukingo mweusi,
mtu alisome akiwa ng'ambo ya barabara.

Jumanne akaja Ersilia Londero, mjane wa siku moja,
koti la mumewe mabegani, mikono haimo.
"Gildo mwandikeni kwa ile iliyolala."
Tullio akaeleza kanuni. Akaeleza tena, polepole.
Mama akamngoja amalize.
"Sikio lake la kushoto lilifia machimboni.
Miaka arobaini na mmoja ameniinamia hivi,"
akainamisha kichwa, bega likafuata,
"asikose neno.
Mkimsimamisha wima, simjui."

Hakuna aliyejibu. Fundi akavuta droo; ikakwama.

Tuna G moja tu yenye mkia mrefu,
na siku ile ilikuwa imebanwa katika fremu ya chuma
ikilianza jina la Giacinta, bibi harusi wa Jumamosi:
kadi mia na themanini, sabini bado.
Tukazichapa bila kuketi.
Kisha nikalegeza skrubu, nikaichomoa,
nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.
Wino wa dhahabu ukagoma kwenye pindo la mkia.

Kwenye risasi, herufi huinamia upande usio wake,
kama uso kiooni;
karatasi ndiyo huirudisha.
Nikampanga Gildo kinyumenyume,
i, l, d, vidole vyeusi,
nikavuta nakala ya kwanza
naye huyo, bega la kulia mbele, anasikiliza.

Alfajiri nikabandika: ukuta wa soko, kona ya benki,
ubao wa kanisa.
Mwanamke aliyekwapa mkate akasimama.
Kichwa chake kikalala upande, hakujua.
Chembe ya dhahabu kwenye G hakuiona,
au aliiona akanyamaza.

Tullio hajabadilisha kanuni.
Jana kaja mfiwa mwingine, kaambiwa yale yale:
kifo husimama wima.
Kisha fundi akakohoa,
akaniuliza, bila kunitazama,
kama ile G nimeirudisha mahali pake.