Safu ya Mmiliki

Nilianza na lile linalotazama bandari,
vigae vyekundu, madirisha mazito kama kope za mgonjwa.
Nikapima. Nikahesabu nyufa.
Mfagizi akasimama nyuma yangu akaniambia,
"Andika na popo."
Nikaandika: popo, dari ya kaskazini, wengi.

Nikaenda lile la mnara mrefu.
Maharusi wawili walisubiri zamu kivulini,
mmoja kavua viatu, anajipepea kwa bahasha ya mchango.
Fomu ya ofisi haina nafasi ya hayo.
Ina safu sita: jina, mwaka, urefu, upana,
hali ya paa, mmiliki.

Siku ya tatu nikavuka kwa pantoni,
nikapanda pikipiki ya kijana aitwaye Kondo.
Kibada ikapita na mageti yake na mbwa wake,
lami ikakoma bila kuaga.
Ndipo shamba likaanza: mihogo mabegani mwa njia,
mananasi yamejipanga na visu vyao,
na kila hatua mia ubao uliopakwa rangi kwa hasira:
KIWANJA HIKI HAKIUZWI.
OGOPA MATAPELI.
"Huku," Kondo akasema, "maandishi ni mengi kuliko majirani."

Kanisa lilikuwa nyuma ya mikorosho,
dogo, limechuchumaa,
matumbawe ya kuta zake yameliwa na chumvi.
Mlango umefungwa. Ufunguo?
"Kwa Bi Sikudhani," wakasema watoto, wakaonyesha
nyumba yenye mkeka wa swala umeanikwa uani.

Alikuja akijifuta mikono kwa pindo la khanga.
Aliitazama kwanza futi yangu, kisha viatu, kisha mimi.
"Chokaa ya ukuta huu aliichoma babu yangu.
Tanuri lilikuwa pale penye mpapai.
Wakamlipa pima nne za kitambaa,
akarudi nyumbani, akaswali laasiri kama kawaida.
Wenyewe wamehama, hawa Kisarawe, hawa mjini.
Padri huja Pasaka, mvua ikimpa ruhusa.
Ufunguo ukabaki kwa aliyebaki."

Ndani kulinuka korosho.
Alizianika sakafuni toka mlangoni
hadi hatua tatu kabla ya madhabahu,
mwisho wake umenyooka kama uliopigwa uzi.
Hatua hizo tatu zilikuwa tupu, zimefagiliwa.
Sikuuliza.

Nikanyoosha futi kwenye unene wa ukuta:
sentimita sitini na nne.
Naye akalaza mkono wake juu ya jiwe,
kiwiko hadi ncha ya kidole, halafu gumba na shahada:
"Dhiraa na nyanda. Ndivyo alivyosema babu."
Futi yangu ikaona haya, ikajikunja yenyewe.

Upande wa barabarani, kwa chokaa, herufi zimepinda:
KANISA HILI HALIUZWI.
"Nani kaandika?"
"Walikuja watu na gari, wameshika ramani.
Nikaona ukuta una nafasi."

Akanipa mabibo mawili, yangali na joto la jua.
Nikala nimeegemea pikipiki,
huku natafuna, huku naandika, kinyume cha maagizo.
Jina. Mwaka, ambao yeye aliuhesabu kwa njaa
na si kwa tarehe. Urefu. Upana.
Paa: nusu.
Juu ya safu ya mwisho kalamu ikasimama,
Kondo akawasha injini, akazima, akawasha tena,
hadi tone la bibo likadondoka kwenye karatasi.

Doa la bibo halitoki. Kila mtoto wa pwani anajua,
ndilo lililotuponza mashati ya shule.
Jumatatu Mhandisi Rwezaula akaiinua fomu dirishani,
akaikwangua kwa ukucha,
akavua miwani, akaivaa.
"Na hapa," akasema, "umeandika nani?"