Koo la Kukodi

Niliajiriwa niwe koo la mtu mwingine.
Paundi arobaini, nauli ya treni kutoka Leeds,
na jina langu lisitajwe popote.

Ilikuwa Februari, London, umeme wa mgao.
Studio ya Willesden iliwaka siku tatu kwa juma;
siku nyingine tulikaa ndani ya makoti,
na magitaa ya umeme yasiyo na umeme
yakilia kama mbu nje ya chandarua.

Yeye, Cuthbert Rainsford, miaka hamsini na minane,
thelathini kati yake alikuwa akiuawa:
kwa upanga, kwa sumu, kwa kusukumwa ngazini.
Watu walimjua uso, jina hawakulijua.
Sasa wamempa kasisi aliyeasi, katika filamu ya muziki wa roki,
na kasisi huyo hasemi. Anaimba tu.

Hakuficha kwamba hajui.
“Kwaya ya shule,” aliniambia, akinimegea mkate wake wa jibini,
“mwalimu alinisihi nifungue mdomo, nisitoe kitu.
Nina miaka saba. Nimefanya hivyo kanisani mpaka leo.”

Basi niliimba mimi.
Najisifu? Najisifu.
Ile noti ya juu niliishika kama yai,
sikuibana, sikuiangusha.
Nyuma ya kioo mafundi walisimama.
Naye alishinda chooni mbele ya kioo kingine,
akijifunza pumzi zangu:
wapi navuta, wapi nameza mate,
wapi kidevu hupanda kidogo, tabia mbaya
ambayo hata mke wangu hajaigundua.

Siku ya kupiga picha, madhabahu ya mbao,
mishumaa sitini, ngoma zikitoka kwenye spika.
Sauti yangu ilijaa ukumbi. Midomo yake ikaifuata
kama mtu anayevaa glavu ya mwenzake.
Ubeti wa pili, umeme ukakatika.

Nilijisikia nikifa.
Utepe ulilegea, nikanenepa,
nikawa ng'ombe, nikawa mlango, nikawa kimya.

Lakini kamera ilikuwa ya betri.
Kinasa sauti cha fundi pale chini, cha betri.
Na Ottoline Hesketh, mwongozaji, asiyejua kungoja,
hakusema “kata.”

Cuthbert alibaki na mdomo wazi,
hauna kitu ndani.
Nilihesabu mishumaa. Nilifika kumi na moja.
Kisha akaimba.

Niseme ukweli: haukuwa wimbo.
Alikuwa mtu anayeburuta kabati ghorofani usiku.
Noti alizipitia pembeni, kwa upana wa kidole,
na ile ya juu, yai langu,
hakuifikia wala hakujaribu;
aliitazama tu.
Kwenye neno “baba” sauti ilivunjika.
Akaokota vipande, akaendelea navyo mkononi.

Gizani mpiga ngoma alikuwa akipenga kamasi.
Mimi nilisema, kwa sauti ndogo, “Ametoka nje ya ufunguo.”
Hakuna aliyenijibu.

Walinilipa zote arobaini. Waungwana.
Utepe wangu uko katika boksi fulani, nadhani,
msafi, mzima, hauna kovu.

Mwaka uliofuata niliingia sinema ya mtaani kwetu,
tiketi nimejilipia, kofia sijaivua.
Alipoanza, msichana wa safu ya mbele alicheka.
Akamsukuma rafiki yake kwa kiwiko.
Akatafuna bisi zake mpaka “baba.”
Hapo mkono wake ukasimama njiani,
bisi ziko hewani, kinywa kinangoja.

Nami nikagundua kwamba najua wapi anavuta pumzi,
wapi anameza mate, wapi sauti inateguka.
Kidevu kilipanda kidogo, chake au changu, sijui.
Nilikuwa nimefungua mdomo,
sitoi kitu.