Mlango wa Uani

Salala, Julai. Manyunyu hayanyeshi, yananing'inia.
Viatu vyangu kabatini vimeota manyoya ya kijani.
Kwetu Ibra mkate hukauka kabla ya kuoza;
hapa hata pasipoti inanuka stoo.
Na Kiswahili cha bibi yangu kina neno moja kwa yote:
ukungu wa mlimani, ukungu wa mkateni.

Zamu ya usiku, maabara, ghorofa ya chini.
Kisahanini, kuvu lililotoka damuni mwa mzee Musallam,
kitanda cha sita, juu ya kichwa changu,
anayepumuliwa na mashine tangu Jumatano.
Dawa tatu zimelipitia juu juu
kama maji jani la mgomba.
"Tusiivunje nyumba yake," alisema Daktari Thuwaiba.
"Tulibane pumzi."

Kumbe nalo lapumua.
Miaka yote nikilifuta kwa siki, sikujua.
Mshale unashuka: tisini, themanini na nne, sabini.
Halina pua, halina kifua, linaila hewa taratibu
kama mtu aliyejificha mvunguni
akijizuia asikohoe.

Nikalidondoshea tone la kwanza.
Mshale ukasimama.
Dakika kumi na moja.
Kisha ukaanza tena, kwa kusuasua:
lina mlango wa uani.

Wa barazani ni wetu sote,
mimi, Musallam, na hili lililomo kisahanini,
fundi mmoja, bawaba zile zile;
ukiupigilia misumari
midomo ya mgonjwa nayo yageuka samawati.
Lakini wa uani sisi hatukujengewa.
Basi wa barazani turudishe tu, usifungwe.
Wa uani tuukomee.

Tone la pili.
Saa kumi na robo mshale ukatulia, ukabaki umetulia.
Nikampigia Thuwaiba, nikamwamsha.
Akanyamaza kidogo. "Hicho ni kisahani, Rayya.
Toka hapo hadi mshipani ni miaka. Labda kumi."

Kitanda cha sita hakina kumi.

Nikaandika namba, nikanawa mikono mara mbili.
Ngazini dirisha lilikuwa wazi
na ukungu umeshaingia, sijui upi,
umekaa kwenye kila kidato.
Nikapanda katikati yake hadi wodini,
nikasimama nyuma ya kioo,
na mashine ilipompandisha kifua
ndipo nikagundua kuwa yangu
nilikuwa nimeizuia.